Upande wa Ukoo Tusiouhesabu

Naandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Leo tangu asubuhi mama yake amemwuliza mara saba kama mahindi yameanikwa. Mara sita alijibu vizuri. Mara ya saba alijibu kwa ukali, na sasa amejificha nyuma ya nyumba akijilaumu. Mimi nilikaa huko nyuma ya nyumba miaka sita. Nimetoka, ingawa uchovu haujanitoka, na ningependa kumwambia niliyoyaona kabla sijaanza kuyapamba.

Sikusomea uganga. Nilimaliza darasa la saba hapa Kilosa, sikuchaguliwa kwenda sekondari, Kiingereza nikajifundisha kwa kamusi iliyochanika kurasa za mwisho. Kupiga chapa nako nilijifundisha mwenyewe, kwenye mashine iliyouzwa siku ofisi ya shamba la mkonge ilipofungwa. Kazi yangu ikawa kuwapigia watu barua karibu na mahakama: maombi ya kazi, mambo ya mirathi, malalamiko ya waliopunguzwa kazini, maana miaka ile walikuwa wengi. Nikikosea herufi moja nilichana karatasi nzima nikaanza upya. Wateja walinicheka, wengine walikasirika. Nalitaja hili mapema kwa sababu liliingia katika ugonjwa wa Mama na kuufanya mzito zaidi.

Bibi yangu, mama yake Mama, alikufa hamjui hata mtoto wake mmoja. Mama alipoanza kusahau nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na swali nililolala nalo na kuamka nalo lilikuwa hili: je, wa tatu ni mimi? Baadaye alipotokea mtu wa kunioa, swali likazaa jingine: nimwambie, au ninyamaze?

Ilianza wakati wa vuli. Mama alikuwa akiuza vitumbua stesheni, kazi aliyoifanya tangu baba yangu alipofariki, na abiria wa Dodoma walimjua kwa jina langu. Siku moja kijana mmoja alimrudishia kitumbua dirishani akamwambia, "Mama Dina, leo umetupikia vya wagonjwa wa sukari?" Watu wakacheka, Mama naye akacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo. Nilipofika nyumbani nikaonja kimoja: hakikuwa na sukari, na chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili. Mtu mwingine angesema ni haraka za asubuhi. Mimi nilichukua daftari jipya nikaandika kosa hilo ukurasa wa kwanza.

Zahanati walimpa dawa za malaria, akajikuna wiki nzima kama alivyojikuna maisha yake yote akimeza klorokwini. Masika yalipoingia tulikuwa kwenye sindano za vitamini, katika zahanati moja ya mtu binafsi iliyokuwa imefunguliwa karibu na soko. Baada ya mavuno ilikuwa zamu ya presha, vidonge vyeupe vya asubuhi na jioni. Mjomba Nehemia, kaka yake Mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu na katekista wa kijiji cha Ulaya, hapa hapa wilayani, alitujia kutoka huko na baiskeli yake akaamuru tufanye maombi ya siku tatu. Tukafanya. Mama aliimba vizuri kuliko wote, beti zote, bila kitabu. Watu wakamshukuru Mungu kwamba amepona. Tulipotoka kanisani akashika njia ya kwenda nyumba tuliyohama nikiwa mtoto.

Kuhusu mabenchi ya hospitali naweza kuandika kitabu. Daftari la shule ndilo lililokuwa faili, ukilisahau unarudi nyumbani. Ukifika saa kumi na mbili unakuta watu kumi wameshatangulia na wengine wameacha kanga zao kushika nafasi. Mama hakuweza kukaa. Kila baada ya dakika chache aliinuka, akazunguka benchi zima akimsalimia kila mtu upya, kwa mkono, na kuuliza habari za nyumbani. Mara ya kwanza walifurahi. Mara ya nne walitazamana. Mimi nilitazama sakafu. Siku moja mwanamke mwenye mtoto aliyewekewa plasta puani alisogea akanong'ona, "Piteni ninyi kwanza, mdogo wangu. Wangu amelala, wako hawezi kulala." Sikumwuliza jina. Katika miaka ile yote sikupata dawa iliyonisaidia kuliko maneno yake.

Tulipoingia, mganga alimtazama Mama akasema ni uzee. Nikamwambia ana miaka hamsini na tisa. Akasema, basi ni uzee wa mapema.

Mwili wake ulibadilika polepole. Hatua zilifupika kwanza, akawa anaburuta kandambili kama mtu anayepita kwenye matope. Akakonda, si kwa kukosa chakula, bali kwa kusahau kwamba kilichoko mdomoni kinapaswa kumezwa. Alivaa kanga upande wa ndani. Mikono iliyokuwa ikigeuza vitumbua hamsini kwa msumari mmoja ikashindwa kifungo. Baadaye ikaja mikojo. Nilifua shuka kila siku, na nilikuwa nazipanga kambani kwa mstari ulionyooka, ncha kwa ncha, kama kwamba zikinyooka mambo mengine nayo yatanyooka.

Sasa niseme lile ninaloona aibu zaidi. Nilikuwa nampima. Nilipata kitabu kikuukuu cha wauguzi kwa mtu aliyeuza vitabu pamoja na mitumba, nikasoma kwa kamusi yangu, nikajitungia mtihani. Kila asubuhi kabla ya chai: leo siku gani, mwezi gani, taja watoto wako, taja vitu vitatu nilivyokutajia punde. Nikaweka alama za vema na kosa kama mwalimu. Kisha nilijipima mwenyewe, maana swali langu hasa lilikuwa juu yangu. Nilitaja stesheni kutoka Morogoro hadi Dodoma kwenda na kurudi, na nikikwama Kidete au Gulwe kazi ya siku hiyo iliharibika.

Asubuhi moja ya kipupwe Mama aliweka kikombe chini akanitazama. "Dina, unaniuliza kama hakimu," akasema. "Nimeiba nini?"

Nilimwambia ni kwa faida yake. Kesho yake nikampima tena.

Wiki chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi mlangoni. Aliponiona alisimama upesi, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mtoto haitikii marahaba kwa mama yake. Ni kama kumpandia begani. Nilimwambia, "Mama, mimi ni Dina, mwanao, mimi ndiye wa kukuamkia." Nilimsahihisha kwa sauti ya upole, lakini nilimsahihisha. Uso wake ukaanguka kama wa mtoto aliyekosea mbele ya wageni. Akaingia ndani, na siku ile hakula. Ilinichukua miezi mingi kujifunza kusema "Marahaba, hujambo?" na kuendelea na kazi. Mara ya kwanza nilipoitikia niliwahi jikoni nikalia kwenye moshi ili asijue ni nini. Yeye aliridhika, akaanza kuimba.

Festo aliingia katika maisha yetu kupitia mashine yangu. Alikuwa fundi wa kuziba pancha Mikumi, pale barabara kuu inapopita malori ya Zambia, na alikuja Kilosa kupigiwa barua ya kuomba udereva. Nilimpigia. Juma lililofuata akarudi, akasema kuna neno anataka kulibadilisha. Nikapiga upya. Akarudi tena na neno jingine. Mara ya nne nikamwambia barua hii haina neno lililobaki la kubadilisha. Akasema, "Najua. Nimebakiwa na nauli tu."

Alijua mama yangu anaumwa. Nilimwambia presha. Halikuwa uongo, vidonge vilikuwepo.

Walipokuja kwetu kuleta posa ilikuwa mwisho wa kiangazi. Festo alileta shangazi yake, Shangazi Anyesi, mwanamke mnene mwenye mkahawa uliojengwa kwa mabanzi ya mbao kando ya barabara Mikumi, aliyezoea kuwakaripia madereva. Baba yake Festo alikwisha kufa, na shangazi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Babu yao alitoka Njombe kuja kukata mkonge, na kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Sisi Wasagara tunahesabu kinyume. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, lakini ni mtu wa ukoo mwingine, na ukimtafuta katika hesabu za ukoo humwoni.

Siku hiyo nilimfungia Mama chumbani. Niliwaambia wageni ana homa. Naliandika neno hilo kama lilivyo: nilimfungia, kwa komeo la nje, na nikaweka pipa la maji mbele ya mlango ili komeo lisionekane. Alianza kuimba tenzi za kanisani huko ndani. Shangazi Anyesi akatikisa kichwa kwa heshima akasema, mgonjwa anayemsifu Bwana katika homa, huyo ni mama kweli. Nikamwaga chai kwenye kisahani.

Kila upande ulichunguza upande mwingine, kama ilivyo desturi. Mjomba Nehemia aliuliza kwa taratibu zake za ukatekista: ukoo wa mama yake kijana ni upi, je, kuna kifafa, kuna ukoma, kuna watu wa kuvua nguo njiani? Shangazi Anyesi akajibu papo hapo kwamba ukoo wa mama yake Festo ni safi kabisa, hakuna hata chongo. Mjomba akaridhika.

Kisha shangazi akanifuata jikoni, akasema haya ni ya wanawake. Akaufunga mlango.

"Mwanangu, mimi sitaki mambo ya kuzungukana. Kwa baba yako, huko Tabora walikotoka, kuna wazimu? Kuna kifafa?"

"Hakuna, Shangazi."

"Hakika?"

"Hakika."

Akanishika shavu, akarudi sebuleni. Jibu lilikuwa sahihi. Nimelikagua mara elfu, halina kosa hata herufi moja. Na tangu siku hiyo sikupata usingizi, kwa sababu nilijua kwamba aliuliza upande usiokuwa na jibu, na mimi nilimwacha aende nao.

Mjomba nilipomwambia linanisumbua alinishangaa. Alisema hakuna aliyeulizwa akasema uongo. Na tena, akasema, ugonjwa ule ni wa wanawake wa ukoo wetu tu, sisi wanaume hautugusi, kwa hiyo ukizaa wa kiume ugonjwa umekwisha kabisa. Alisema hivyo kunifariji. Nilimwona bibi, nikamwona Mama, nikajiona mimi, tumepangana kama shuka kambani.

Mwanzoni mwa vuli nyingine tulisikia kwamba daktari kutoka mjini angekaa juma zima hospitali ya Mikumi, anaona watu wa kichwa na mishipa. Tulipanda lori la mbao lililokuwa linaelekea huko, Mama katikati yangu na dereva, akimwuliza dereva habari za nyumbani njia nzima. Dereva alijibu kila mara. Alisema ana mama.

Kibarazani hospitalini tulikaa siku mbili. Wagonjwa walikuwa wengi: kutoka Ruhembe kwenye miwa, kutoka vijiji vya milimani, wengine wamebebwa kwenye baiskeli. Kina mama walikuwa wakipikia chini ya miti na kugawiana chumvi. Mama alifurahi sana, watu wa kusalimia hawakumalizika.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, viatu amevivua chini ya meza kwa kuchoka. Nilimpa karatasi niliyokuwa nimeipiga chapa usiku kucha mara nne hadi ikatoka bila kosa. Ilikuwa na ukoo wetu wote: mama yake Bibi, Bibi na dada zake wawili, Mama na dada yake mkubwa, mimi. Mbele ya kila jina niliandika alianza kusahau lini, au hakusahau. Nilingoja sifa.

Aliisoma, akainua macho. "Kazi nzuri. Lakini hawa wanawake walizaa peke yao?"

Sikuelewa.

"Baba wa mama yako yuko wapi hapa?"

Nikamwambia babu hakuwa wa ukoo wetu. Nilipolisema nikalisikia lilivyo, lakini kabla sijameza mate Mama, ambaye asubuhi ile hakujua jina la mji aliomo, alisema kwa sauti safi kabisa:

"Baba alikuwa anavaa kofia anakwenda stesheni ya Munisagara kungoja gari-moshi la bwana reli, mkubwa wake wa kazi. Hapakuwa na bwana reli, alishakufa. Tulikuwa tunamfuata mimi na Nehemia tunamrudisha nyumbani. Tukimshika mkono anatwambia shikamoo."

Nilikuwa nimesikia habari za Babu tangu utotoni. Zilisimuliwa kama kichekesho: mzee wa reli aliyependa gari-moshi hata akazeeka. Hakuna aliyezitia katika hesabu ya ugonjwa, kwa sababu Babu alikuwa wa ukoo mwingine, na ugonjwa tulisema ni wa kwetu. Na Mjomba, aliyemshika mkono baba yake njia ya Munisagara, ndiye aliyeniambia wanaume hauwagusi.

Daktari aliniuliza wanaume wa upande wa Mama walifika umri gani. Nikamhesabia: huyu alikufa kwenye mkonge, huyu kifua, huyu mto ulipofurika. Aliyevuka miaka sitini alikuwa Babu, na sasa Mjomba. "Unaona," akasema. "Ugonjwa huu hungoja umri. Wanaume wenu hawakuungoja." Alisema wanawake unawapata zaidi, sehemu moja ni kwa kuwa wanaishi zaidi, na sehemu nyingine wao wenyewe wenye elimu bado hawajaijua. Alisema mtu anaweza kuurithi kwa mama, au kwa baba, au asirithi lolote na bado umpate uzeeni.

Nikauliza lile moja. "Na mimi?"

"Sijui."

"Hakuna kipimo?"

"Hapa hakuna. Na hata kingekuwepo kisingekujibu hilo unalolitaka. Hatari yako imezidi kidogo tu ile ya jirani yako. Basi. Wengi waliozaliwa na mama kama huyu wanazeeka na akili zao." Akavaa viatu. "Nasikia unampimapima kila asubuhi. Ameniambia yeye mwenyewe, kwamba ana kesi nyumbani. Mtihani anaoufeli kila siku unamfundisha nini?"

Dawa ya kumponya hakuandika. Aliandika aache vidonge viwili kati ya vitatu alivyokuwa akimeza, alale mchana kidogo, apewe kazi za mikono asizoweza kukosea, na mimi nipumzike. La mwisho akalipigia mstari. Nilitoka nimekasirika. Siku mbili kwenye benchi, nikaambiwa nipumzike.

Lakini mkahawa wa Shangazi Anyesi ulikuwa mwendo wa robo saa kutoka pale, na miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nadhani kama ningesubiri hadi kesho nisingekwenda. Nilimweka Mama kwenye benchi akapewa sahani ya wali. Shangazi alikuwa anasonga ugali wa madereva. Nikamwambia huku amenipa mgongo, na ilikuwa afadhali hivyo. Nilimwambia kila kitu: Bibi, Babu, komeo, pipa la maji, homa isiyokuwepo. Nikamwambia aliniuliza kwa baba yangu nami nikajibu kwa baba yangu, na ugonjwa uko kwa mama yangu, kwa mama yake na kwa baba yake pia.

Mwiko haukusimama hata mara moja. Alipomaliza akageuka, akamtazama Mama, aliyekuwa anapanga punje za wali kuzunguka sahani.

"Nimesikia," akasema. "Nendeni, gari litawaacha."

Majuma matatu hatukupata habari. Festo hakuja. Nilipiga barua za watu na kwa mara ya kwanza sikuona makosa yangu. Mteja mmoja alirudi akanionyesha nimeandika jina la babake kwa herufi ndogo. Mjomba alinifokea, akasema nimeutangaza ukoo barabarani kama mnada wa mitumba. Mtihani wa asubuhi niliuacha, si kwa wema, kwa uchovu tu. Nilimpa Mama mchele achague mawe. Alichagua asubuhi nzima kwa furaha, na mchana nilimpa mchele uleule tena.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, shangazi na Festo, bila kutuma habari. Safari hii hakukuwa na pipa mlangoni. Mama alikuwa amekaa ukumbini, kanga upande wa ndani. Shangazi Anyesi alimwamkia, na Mama akaitikia vizuri, kisha yeye naye akamwamkia shangazi, na shangazi akaitikia bila kupepesa. Mjomba Nehemia, aliyekuwa amekuja kutoka Ulaya, alikohoa kutaka kuanza maneno yake.

"Ngoja, Katekista," shangazi akasema. "Wewe ulituuliza ukoo wa mama yake Festo. Ukauliza vizuri, nikakujibu vizuri. Wetu, wa baba yake, hukuuliza."

Mjomba akasema kwa desturi yetu huko hakuulizwi.

"Najua. Ndiyo maana nilirudi Mikumi naimba." Akaangalia mikono yake. "Kaka yangu, baba yake Festo, alikuwa anaanguka kifafa. Alifia motoni, kwenye majiko ya kambi. Na babu yetu alikuwa nacho. Mimi nilikaa hapa kwenye kiti hiki nikanywa chai yenu nikanyamaza. Halafu kitoto hiki kinakuja jikoni kwangu kinatetemeka kama kuku, kinaniungamia."

Festo alikuwa anatazama chini. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Nikafahamu kwa nini hakuja majuma matatu: naye alikuwa amejificha nyuma ya nyumba yake.

Nikamwuliza shangazi, "Kwa hiyo imekwisha?"

"Nini imekwisha? Mwanangu, unadhani tunachunguza ili tumpate asiye na ugonjwa? Huyo hajazaliwa. Tunachunguza ili tujue siku ikifika nani atamwogesha nani." Akamgeukia Mama. "Na huyu anaogeshwa na nani?"

Nikasema, na mimi.

"Peke yako?"

Sikuwa nimeulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata mimi sikujiuliza.

Tulioana kabla ya masika. Mama alikaa mbele, na katika sherehe aliuliza hii ni harusi ya nani. Nikamwambia ya Dina. Alipiga vigelegele. Baada ya dakika tano akauliza tena, akajibiwa, akapiga vigelegele upya kama amesikia mara ya kwanza. Alifurahia harusi yangu mara nyingi kuliko mama yeyote ninayemfahamu.

Aliishi miaka mingine miwili na miezi michache. Festo alihamia Kilosa na vifaa vyake vya pancha, na shangazi alikuja kila mwezi kukaa siku tatu. Alinifundisha kumgeuza Mama kitandani kwa shuka badala ya kumvuta mikono, na alimkaripia Mama kama alivyokaripia madereva, na Mama alimpenda kwa hilo. Maneno yakamtoka moja moja. Kiswahili kiliondoka kwanza, akabaki na Kisagara cha utotoni ambacho mimi nakijua nusu, kisha nacho kikaondoka, zikabaki tenzi, halafu sauti tu isiyo na maneno. Mjomba alikuja mwishoni akakaa naye siku nzima ameshika mkono wake. Alipoondoka aliniambia taratibu, akiwa amesimama na baiskeli, kwamba alimkumbuka baba yao vizuri sana. Sikumdai zaidi. Mama alikufa masika, asubuhi, mvua ikinyesha, baada ya kijiko cha uji.

Wewe niliyeanza na wewe: uliza pande zote mbili. Usingoje desturi yako ikuulizie, maana kila desturi ina upande inaoufumbia macho. Usimpime mama yako. Mtu akikuambia pita kwanza, pita. Na kama umewahi kumfungia mlango, fungua leo, kisha mwambie mtu mmoja kwamba ulifunga.

Kuhusu mimi, sijui. Nina miaka thelathini, na tumbo la miezi mitano. Festo ananitazama ninaposahau, mimi namtazama anaponyamaza ghafla, na siku nyingine tunakamatana tukitazamana, tunacheka. Juma lililopita niliinjika maharage, nikatoka kuongea na jirani, nikayasahau kabisa hadi moshi uliponiita. Yalikuwa makaa. Festo akaja akatazama, akasema tu kwamba tutakula mkate, akaenda dukani. Nikaketi kwenye kigoda nikaingoja hofu, na ikaja, ileile, na ikakaa. Baada ya muda nikaona imekaa tu, haina jipya la kuniambia. Nikachukua majivu na mchanga, nikaanza kusugua sufuria.